Gunia la Shabu na Daktari wa Ng'ambo

Jumatatu, 3 Februari

Gunia limefika! Nililinunua mnadani likiwa limefungwa, nikijua ni chumvi ya mawe. Nimelifungua. Si chumvi. Ni shabu. Gunia zima la shabu, yale mawe meupe ambayo kinyozi humpaka mtu kidevuni akishamkata. Kipande kimoja kinamtosha kinyozi mpaka astaafu. Mimi ninavyo vya kuwatosha vinyozi wote waliopo na watakaozaliwa.

Mama mkwe ameonja kidogo, akatema, akasema hii chumvi imeharibika. Sikumsahihisha. Mama mkwe anaishi nasi, ana presha, na kila asubuhi akimeza kidonge chake cheupe hunishukuru mimi, kana kwamba nimekitengeneza kwa mikono yangu. Ni mtu wa maana sana. Ndiye peke yake nyumbani anayeniamini. Mke wangu ni nesi. Nikimwambia mvua inanyesha, hutoka nje kwanza akahakikisha.

Lakini habari kubwa ya leo ni hii: mwenye jengo amepita dukani na kusema fundi simu wa chumba cha mbele anahama. Chumba cha mbele! Kina dirisha la kioo linalotazama barabara. Duka langu mimi liko mwisho wa korido, ukuta mmoja na choo. Nauza vitana, vioo, dodoki na vikorokoro vingine, na wateja wangu karibu wote ni watu waliokuwa na haraka ya kwenda kwingine. Mwenye jengo ataamua mwisho wa mwezi. Amesema anataka mtu mwenye wateja na asiye na fujo. Wanaokitaka ni wawili, mimi na Marashi.

Marashi ni jirani yangu, mlango wake unatazamana na wangu. Anauza sabuni, mafuta ya kujipaka, manukato, na rolioni, vile vichupa vya kupaka kwapani. Mstaarabu kupita kiasi. Ananisalimia kila asubuhi na kuniulizia hali ya mama mkwe. Mtu wa namna hiyo lazima ana lake jambo.

Jumanne, 4 Februari

Wazo! Nimemwomba Marashi rolioni moja niitazame. Amenipa, na tabasamu juu. Nimesoma maandishi ya nyuma kwa kioo cha kukuzia. Ndani yake mna alumini. Alumini! Sufuria! Watu wanajipaka sufuria kwapani na kulala usingizi!

Wakati wa chakula nimemuuliza mke wangu kijuujuu, kama mtu asiye na haja, kwamba eti hizi rolioni zinaleta saratani. Ameweka kijiko chini. Akasema jambo hilo limechunguzwa sana na mpaka leo hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba zinaleta. Akasema jasho kwa sehemu kubwa ni maji na chumvi, linapoza mwili. Kazi ya kutoa uchafu mwilini wanayo figo na ini. Kama rolioni inakuwasha, acha, paka nyingine. Basi.

Maelezo mazuri, ila marefu. Mtu atakuwa amechoka kabla ya kufika kwenye ini. Yangu ni mafupi: rolioni inaziba jasho, sumu inarudi moyoni. Dawa yake ni jiwe la asili. Na mwenye jiwe ni nani?

Jumatano, 5 Februari

Kazi imefanyika. Nimenunua laini mpya ya simu. Nimejifungia chumbani, nimefunga leso mdomoni, nimebana pua. Nimesema kwa sauti nzito: "Ndugu zangu, mimi ni daktari bingwa wa jasho, ninawaongelesha kutoka ng'ambo." Sauti ilinitisha hata mimi mwenyewe. Nikaeleza sumu, moyo, na jiwe la shabu. Nikamalizia kwa kusema wakubwa hawataki mjue haya. Hapo ndipo penye utamu. Mtu akisikia kuna wakubwa wasiotaka ajue, ameshajua.

Katikati ya kurekodi mke wangu aliniita kwa jambo fulani kutoka jikoni. Sikujibu. Daktari bingwa hajibu mambo ya jikoni.

Nimeutuma ujumbe kwenye kundi la jengo, kundi la mtaa, na kundi la akina mama wanaopeleka watoto kliniki. Kisha nimetoa laini na kuitafuna kidogo kabla ya kuitupa. Tahadhari.

Alhamisi, 6 Februari

Imeenea! Asubuhi tu, fundi cherehani wa ghorofani ameshuka mbio, kanishika mkono, akaniwekea sauti ya daktari sikioni. Ananionya kama rafiki. Nimepigwa na butwaa, yaani nimejifanya. Nikamuuliza kama ana hakika na huyo daktari. Akaapa kwamba binamu yake aliwahi kutibiwa naye, na ni mtu mrefu, mpole, anavaa miwani.

Nimefurahi kusikia kwamba mimi ni mrefu.

Mchana wateja wanne walimrudishia Marashi rolioni zao. Amezipokea bila ubishi na kuwaomba radhi kwa usumbufu. Kiburi hicho! Mimi nimepanga shabu zangu juu ya meza, mlangoni, kwenye kitambaa cha bluu, na kibao: JIWE SAFI LA ASILI. Halijauzwa bado hata moja, lakini biashara ni subira.

Jumamosi, 8 Februari

Hawanunui! Nimemuuliza fundi cherehani kulikoni. Akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto. Ikiwa jasho ndilo linalotoa sumu, basi mwenye akili haweki rolioni wala haweki jiwe. Analiacha litoke. Yeye na mafundi wenzake wote wameacha kila kitu tangu juzi, na sasa wanashona madirisha yakiwa yamefungwa ili litoke vizuri. Akanyanyua mkono kunionyesha. Nikarudi nyuma hadi ukutani.

Sikulifikiria hilo. Daktari bingwa naye hakulifikiria.

Hewa ya jengo imebadilika. Mwanamke mmoja aliyepeleka gauni kupunguzwa ameshuka ngazi akihema, akaingia dukani kwangu, akasimama karibu na ule ukuta wa choo na kusema afadhali hapa.

Jioni mama mkwe ameniuliza kama ni kweli haya anayoyasema yule daktari wa ng'ambo. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, simu mapajani, ananitazama kwa yale macho yake ya kuniamini. Mke wangu alikuwa zamu. Nikamwambia, "Daktari bingwa hawezi kukosea, Mama." Ningesema nini? Mtu akikubaliana nawe, huwezi kumvunja moyo.

Jumatatu, 10 Februari

Joto kali. Mwenye jengo amekuja, akafika katikati ya korido, akasimama, akaweka kanga puani. Akauliza nani kafia humu. Hakuna aliyejibu, maana wote tulikuwa tumeziba midomo.

Marashi naye hakukosa nafasi. Alikuwa anapita mlango kwa mlango akigawa vipande vya sabuni. Bure! Mwenye jengo akamsifu mbele yangu. Nami nikatangaza kwamba nagawa shabu bure vilevile. Akachukua kipande, akakigeuza, akaniuliza kama ni cha kusugulia sakafu.

Tena kuna jambo la ajabu. Fundi cherehani ananiambia daktari wa ng'ambo ametoa ujumbe wa pili tangu Jumamosi. Sasa anasema yale madini yamo katika kila kitu cheupe: dawa ya meno, poda, vidonge. Mimi sikusema hivyo! Mtu fulani asiye na haya kaongeza yake juu ya kazi yangu. Watu wengine hawana aibu kabisa, wanazua tu.

Lakini sitaficha: nilijisikia kama mzazi aliyeona mwanawe katembea peke yake.

Jumatano, 12 Februari

Siku mbaya.

Mama mkwe alikuja kuniletea chakula dukani, kama kawaida yake. Mimi nilikuwa juu ya ngazi natundika kibao kikubwa zaidi. Nikasikia bakuli likianguka. Nilipogeuka, alikuwa anateleza na ukuta kwenda chini, kanga imemtoka begani. Kabla sijashuka hata hatua, Marashi alishavuka korido na kumdaka. Alimlaza kwenye toroli lake la mizigo, juu ya makatoni ya sabuni, akalisukuma mwenyewe hadi zahanati. Nilimkimbilia nyuma na kiatu kimoja.

Presha imepanda vibaya sana. Mke wangu ndiye aliyempima. Alimuuliza mama yake kama anameza vidonge. Mama akasema ameacha tangu Jumamosi. Amekuwa akivificha chini ya godoro ili tusiwe na wasiwasi. Ni vyeupe, akasema, na daktari wa ng'ambo amekataza. Kisha akanionyesha kwa kidole, kwa upendo kabisa, akasema hata baba huyu alinithibitishia.

Mke wangu alinitazama. Marashi naye alinitazama, kisha kwa adabu akatazama toroli lake.

Niliogopa. Nasema kweli, sijapata kuogopa vile. Alikuwa mdogo sana pale kitandani, mkono umefungwa kile kitambaa cha kupimia, na ananiuliza mimi kama nimeshakula.

Alhamisi, 13 Februari

Mama karudi nyumbani, lakini vidonge hataki. Amefunga mdomo kama mtoto.

Mimi nimekamatwa.

Ilikuwa hivi. Leo ni siku ya mke wangu kutoa somo pale zahanati. Akina mama wamejaa mabenchi, na somo ni uvumi wa dawa na vitu vya nyumbani. Mmoja akasimama na kusema Sista, wewe unasema hivi, lakini daktari bingwa anasema vile, msikilize mwenyewe. Akaweka simu juu ya kipaza sauti. Sauti nzito ikajaa ukumbi: sumu, moyo, wakubwa hawataki mjue. Mke wangu akasikiliza kwa heshima. Halafu, nyuma ya daktari bingwa, kutoka ng'ambo, ikasikika sauti ya mwanamke kwa mbali lakini safi kabisa:

"We baba! Takataka umeshatoa, au unangoja zijitoe zenyewe?"

Nasikia akina mama walicheka kabla yake. Mmoja akasema Sista, huyo si wewe?

Amefika nyumbani. Akaweka simu mezani, akabonyeza. Nikasikiliza mpaka mwisho. Nikapendekeza kwamba huenda daktari huyo ana mke mwenye sauti inayofanana na yake. Akauliza kama na takataka zetu zinafanana na zake.

Akasema polepole: "Mama yangu angekufa, na wewe ungekuwa umeshika jiwe." Nimejaribu kuandika jibu, nimefuta.

Kisha akaokota kipande cha shabu na kuniuliza kama najua kimetengenezwa na nini. Nikasema ni cha asili. Akasema ni cha asili, ndiyo, na ndani yake mna alumini ileile.

Ileile! Na mimi nimeishika gunia zima kwa mikono mitupu! Nilikimbilia bomba nikanawa mpaka viwiko. Nilipogeuka, mke wangu alikuwa ameegemea mlango, ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Ijumaa, 14 Februari

Nimeamriwa kumwambia Mama ukweli. Nimepiga magoti mbele ya kiti chake. Nikasema Mama, hakuna daktari wa ng'ambo. Ni mimi. Nilifunga leso mdomoni. Nilitaka kuuza shabu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Machozi yakamlengalenga. Akanishika mkono, akashusha sauti: "Wamekutisha, mwanangu. Kama wamekulazimisha useme hivyo, nipepese jicho tu."

Nikamwapia. Akazidi kunihurumia. Nikamtolea ile sauti nzito, bila leso, nikibana pua. Akasema nimemwiga vizuri, lakini yule ana elimu zaidi.

Kidonge hakumeza.

Jumamosi, 15 Februari

Mke wangu ana njia yake. Haapi, hagombi. Asubuhi amekaa na mama yake dirishani, wamefunga kile kitambaa mkononi, akamwachia Mama asome namba mwenyewe kwenye mashine. Mama akaisoma kwa sauti. Ni kubwa. Mke wangu akamkumbusha ilikuwa ngapi alipokuwa akimeza dawa. Mke wangu akasema tutapima tena jioni, Mama, wewe ndiye utakayesoma. Ndiyo hivyo tu! Hakuna kisa, hakuna kitisho, hakuna wakubwa. Nani atashawishika na namba?

Nimeamua kuokoa jahazi mwenyewe. Mke wangu alipokwenda zahanati, nimemnong'oneza Mama siri: vile vidonge vyeupe ndivyo wakubwa wanavyomeza kwa kificho, na uvumi wameueneza wao wenyewe ili vibaki vyao. Nimetazama huku na huku kabla ya kusema. Nimefunga pazia. Nimefanya kila kitu kama inavyotakiwa.

Mama alinitazama, kisha akafungua pazia. Nadhani imemwingia.

Jumanne, 18 Februari

Anameza! Alianza Jumapili, baada ya kusoma namba ya asubuhi na kukuta bado iko juu. Leo namba imeanza kushuka. Ameisoma mara mbili, akavua miwani, akamwambia mke wangu: "Hii nimeiona mwenyewe." Wakakumbatiana wawili wao pale dirishani, wanacheka na kulia. Na mimi nilitokwa na machozi, nikasingizia vitunguu. Hatukuwa na vitunguu.

Mke wangu anadhani ni mashine yake. Nimemwacha adhani hivyo. Mimi najua ni ile siri ya wakubwa, lakini mwanamume hatangazi mema yake.

Ijumaa, 28 Februari

Uamuzi umetoka. Chumba cha mbele kapewa Marashi.

Mwenye jengo amesoma sababu mbele ya wapangaji wote. Kwamba alituliza watu. Kwamba alimkimbiza mgonjwa. Kwamba alimwomba mke wangu aje azungumze na mafundi cherehani ghorofani, na tangu siku ile madirisha yamefunguliwa na mtu unaweza kupanda ngazi bila kushika pumzi. Mke wangu! Kwenye jengo langu! Kwa mwaliko wa Marashi! Fundi cherehani alipiga makofi kuliko wote, mikono juu, na kwa kweli hapakuwa na harufu.

Marashi kaja kunipa mkono. Akasema chumba cha mbele ni kikubwa, na kama nataka, niweke kabati langu la vioo na vitana pale dirishani, tukae pamoja. Nimemwambia nitafikiria. Kwa nini anataka nikae karibu? Anataka kuniona. Mtu asiye na hila huwaacha wenzake na choo chao.

Mafundi wanamwingizia friji. Kubwa, ya mlango wa kioo. Atauza maji baridi na soda. Kwa jua hili, korido nzima itahamia kwake.

Jumapili, 2 Machi

Mungu mkubwa! Leo nimepokea ujumbe wa sauti kwenye simu. Mtu mmoja, Profesa, anazungumza kutoka ng'ambo. Anasema ukinywa maji ya baridi baada ya kula, mafuta yanaganda tumboni na kupanda mpaka kwenye moyo. Nimehisi mwili mzima ukinisisimka. Juzi tu nilikunywa maji ya friji juu ya chakula cha mchana, na usiku nikasikia kitu kinanibana kifuani. Kumbe!

Nimetoa chupa zote za maji kwenye friji yetu na kuzipanga juani. Mama mkwe alikuwa mezani na gilasi yake ya maji baridi. Nimemwambia aiache upesi, Profesa amesema. Akaniuliza Profesa gani. Nikasema wa ng'ambo. Anaitwa nani? Anafanya kazi hospitali gani? Nani amepima? Maswali, maswali! Kisha akainywa yote huku ananitazama, akaniomba nimletee nyingine. Huyu mzee alikuwa mtu wa kuamini, sijui nani amemharibu.

Nimemweleza kwamba huyu si daktari tu, ni Profesa. Profesa ni mkubwa kuliko daktari. Na mwishoni kabisa amesema wakubwa hawataki tujue, maneno ambayo mtu hawezi kuyasema hivihivi tu.

Nimeutuma ujumbe kwenye kundi la jengo, kundi la mtaa na kundi la akina mama wa kliniki. Kwa Marashi nimeutuma mara mbili, kwa sababu ya ile friji. Mke wangu akiniuliza, jibu ninalo, na safari hii moyo wangu ni mweupe kabisa: sikuutunga. Nimeupokea.